Nilivyofuata Kitabu cha Ng'ombe

Niseme mapema ili nisisumbuliwe baadaye: mimi ndiye niliyetaka maktaba ifungwe. Watu wa Dutwa hupenda kunisingizia mengi, lakini hili ni la kweli. Mimi ni mkuu wa shule ya sekondari, nimefundisha Baiolojia miaka ishirini na mbili, na vitabu vya shule yangu vilikuwa safi. Vilikaa kabatini ndani ya plastiki zake, kama vyombo vya harusi ambavyo mwenye nyumba hataki hata mgeni avitumie.

Kisha akaletwa Felisita, mkutubi. Siku ya kwanza alichana plastiki zote kwa wembe. Siku ya pili akaanza kuwaazimisha wanafunzi vitabu waende navyo nyumbani. Nyumbani! Kwenye moshi, mbuzi, na wadogo zao wenye mikono ya uji. Nikamwita ofisini.

"Madam Felisita, vitabu hivi ni mali ya serikali."

"Ndiyo, Mkuu. Na wanafunzi je, ni mali ya nani?"

Hapo damu ikanichemka. Nikampa sharti: kitabu kimoja tu kikipotea au kuharibika, chumba kile cha maktaba nakigeuza stoo ya mahindi ya chakula cha mchana, na yeye namwombea uhamisho. Akakubali huku anatabasamu, jambo lililonikera zaidi.

Kila Ijumaa nilipita kuhesabu, na kila Ijumaa vitabu vilivyotimiza wiki zake nne vilikuwa vimerudi, vingine vimevalishwa majalada ya magazeti. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa. Mwezi wa sita, mavuno ya pamba yakiwa yamepamba moto, kimoja hakikurudi. Kilikuwa kitabu cha magonjwa ya ng'ombe, na aliyekiazima, wiki tano zilizopita, alikuwa Goodness wa kidato cha pili.

Nilifurahi, sitaficha. Binti huyo nilimfundisha mwenyewe. Alikaa nyuma karibu na dirisha, kimya, na kwenye mtihani wangu wa mwisho nilimpa kumi na moja kwa mia.

"Unaona?" nikamwambia Felisita. "Darasani hasomi, ndiyo atasoma nyumbani?"

Safari hii hakutabasamu. "Mkuu, naomba nikakifuate mimi. Watoto wameanza kuzoea kusoma. Usiwafungie kwa ajili ya kitabu kimoja."

"Nitakifuata mwenyewe," nikasema. Nilitaka nikikute kimechanika, nikilete kama ushahidi.

Alasiri hiyohiyo nikawasha pikipiki kuelekea upande wa Kasoli, kwao Goodness. Njia nzima nilikuwa nikifanya mazoezi ya hotuba ya kufunga maktaba, na niseme ukweli, ilikuwa hotuba nzuri.

Nilifika ng'ombe wakiwa wanaingia zizini. Uwanjani walikaa watu kama kumi na wawili, wengine juu ya magunia ya pamba, na katikati yao alikuwa Goodness, kitabu kikiwa mapajani juu ya kitenge safi. Bibi yake, Nyanjige, mwenye ng'ombe wote wale, akaniona, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Ng'wadila, mwalimu! Mpeni mgeni pa kukaa. Mtoto, endelea."

Nikaletewa kigoda. Mkuu wa shule mzima, kigoda! Goodness akanitazama, akaendelea. Alisoma sentensi kwa Kiswahili, kisha akawageuzia wazee kwa Kisukuma, bila kusita. Ilikuwa sura ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe.

Mzee mmoja, Limbu, akamkatiza. "Uongo huo. Ng'ombe wangu anakohoa kwa sababu ya vumbi."

"Guku, ulimpapasa chini ya sikio?" Goodness akauliza, akimwita babu kwa Kisukuma. "Kulikuwa na uvimbe?"

Limbu akakuna kichwa. "Ulikuwepo."

"Vumbi halileti uvimbe. Huyo mwitie daktari wa mifugo leo, usingoje kumuuzia mwenzio mnadani."

Watu wakaangua kicheko, Limbu akiwa wa kwanza. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama yule mtoto wa nyuma dirishani akifundisha vizuri kuliko mimi. Alikuwa akiuliza, akingoja jibu, na akirudia taratibu kwa aliyechelewa kuelewa. Karibu miaka miwili alikuwa mbele ya macho yangu, na sikuwa nimemjua.

Sura ilipoisha nikakumbuka kilichonileta. Nikanyoosha mkono.

"Goodness, kitabu. Umekichelewesha."

Akakifunga, akanipa kwa mikono miwili. Nikakikagua ukurasa kwa ukurasa nikitafuta pa kukasirikia. Hakikuwa na hata doa.

Nyanjige akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kumbe umefuata kitabu?" akasema. "Sisi tulijua umekuja kumsikiliza mtoto."

Nimewahi kukaripiwa na wakubwa zangu mbele ya walimu wangu, lakini sijawahi kuona aibu kama ile. Nikamrudishia Goodness kitabu.

"Zimebaki sura ngapi?"

"Nne, mwalimu."

"Basi zimalizeni."

Asubuhi yake nilimkuta Felisita maktaba, macho yamemwiva, vitu vyake ameshavipanga kwenye boksi.

"Umekipata, Mkuu?"

"Nimekipata."

"Kiko wapi?"

"Nimekiacha." Nikavuta daftari lake la kuazima, nikafuta jina la Goodness kwenye kitabu kile, nikaandika langu.

Akalisoma jina hilo. "Na mahindi, Mkuu? Si uliagiza yaletwe humu kesho?"

"Mahindi yatakaa ofisini kwangu."

Felisita alicheka mpaka akakaa juu ya boksi, nikamsikia bado anacheka nilipokuwa nimeshafika kwenye mlingoti wa bendera. Nami nilifanya kazi mwezi mzima katikati ya magunia, nikiwapigia walimu chafya za vumbi la mahindi, na sikujuta.

Wiki mbili baadaye, katikati ya kipindi changu, Goodness akasimama. Darasa zima likageuka kumtazama.

"Mwalimu, kupe ni walewale, zizi ni lilelile. Kwa nini ndama anakufa na mama yake anapona? Kitabu tumekimaliza, hakijasema."

Nikatafuta jibu kichwani, nikazunguka huku na huko, sikulipata. Zamani ningemwambia swali hilo halipo kwenye mtihani, akae chini. Wanafunzi arobaini na sita walikuwa wakiningoja.

"Sijui," nikasema, na neno lenyewe lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani. "Simameni wote. Twende kwa Madam Felisita."