Aliyemweka Bujiku

Ngumi ya kwanza ilimpata Mbuke mdomoni, ya pili ikamkuta tayari yuko chini. Sabiti, mlinzi wa duara la Ngassa, shimo la kuchimbia dhahabu, akamkalia kifuani.

"Rudia, Mama Ndaki. Rudia ulichosema mkutanoni."

Asubuhi ile, kwenye mkutano wa maoni ya katiba pale Nyahanga, Mbuke alisema uteuzi wa majaji usimamiwe na chombo huru, kisicho cha mkubwa wala cha tajiri. Duara la Ngassa lilikuwa limemfukia mumewe kwa sababu ya magogo mabovu ya kuzuia kuta, na Ngassa alitamba kilabuni kwamba rafiki yake yu njiani kupewa ujaji, kesi ya kifo hicho itafia huko. Watu walipiga makofi. Ngassa hakupiga.

Mbuke akatema jino, akapiga mwano. Ukelele huo ukisikika Usukumani, kila mwanamume hushika fimbo. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakafumuka mashambani kama siafu. Sabiti hakufika mbali. Rungu lilimvunja goti, fimbo zikamchana kichwa.

"Mwacheni kwanza," alisema Mbuke. "Aseme nani kamtuma."

"Muuaji hahojiwi," alisema Bujiku, kamanda wao. "Mmalizeni."

Sabiti aliinua uso uliojaa damu. "Bujiku, si jana tulikuwa wote kwa Ngassa..."

Rungu la Bujiku likamkatiza.

Kamanda wa sungusungu huchaguliwa na mkutano wa kijiji. Mwaka huu Ngassa alichinja ng'ombe, watu wakala, kisha wakanyoosha mikono. Mbuke naye alinyoosha wake, mafuta yakimchuruzika vidoleni.

Sasa akatambaa, akamlalia Sabiti. Fimbo mbili zilimshukia mgongoni kabla wapigaji hawajamtambua.

"Toka, Mama Ndaki," alisema Bujiku. "Huyu alitaka kukuua."

"Najua. Meno niliyobakiwa nayo yanatosha kumng'ata, ila aseme kwanza. Na wewe humhukumu. Wewe tulikuchagua nyama ya Ngassa ikiwa mdomoni."

Mtu mmoja alicheka. Bujiku akashusha rungu. Mbuke akakinga kwa mkono, na mfupa ukalia kama kuni kavu.

Hakuna fimbo iliyolifuata rungu lile.

"Weka chini, kamanda," ilisema sauti nyuma. Bujiku akanyanyua tena. Safari hii fimbo zilimwangukia yeye, nyingi, mpaka akapiga magoti.

"Basi," alisema Mbuke, damu ikimtoka puani, mwili wake ungali juu ya Sabiti. "Huyo naye msimuue. Wote wawili watasema, mbele ya mtu ambaye Ngassa hakumweka."