Mgonjwa wa Kukaimu

Mwezi wa saba Mlima Meru huvuta blanketi la mawingu hadi kidevuni, na Arusha nzima hupiga chafya. Mwezi huohuo daktari kule Moshi akaona ndio wa kumkabidhi Fanuel kazi ya ulinzi.

"Upasuaji wa mkeo umeondoa titi pamoja na tezi za kwapani," alimweleza. "Tezi hizo ndizo kituo cha polisi cha mkono ule. Sasa asijikate, asichomwe sindano upande huo. Halafu dripu ya kansa inapunguza askari wa mwili mzima, chembe nyeupe za damu. Mafua yako ni mafua tu. Yake yanaweza kuwa msiba. Jumatatu akija na homa, simpi dripu."

Fanuel, ambaye tangu kiwanda kibinafsishwe na yeye kupunguzwa hakuwa na cha kulinda ila rimoti ya televisheni, aliapa. Akarudi nyumbani Engutoto, akamweka mkewe Hedwiga chumba cha ndani, akafunga geti.

Jumamosi geti likagongwa. Walikuwa akina mama wa kwaya wakiongozwa na Nashipae na sufuria la mtori wa ndizi. Nyuma yao, Mzee Elimringi wa kanisa, pua nyekundu kama nyanya, leso mkononi.

"Shikamoo mzee," alisema Fanuel kupitia upenyo. "Mgonjwa haonwi. Daktari kakataa."

"Marahaba. Daktari gani anakataza maombi?"

"Hajakataza maombi. Kakataza mafua."

"Baba Blessing," Nashipae akadakia, "kwa nini unamficha? Kule sokoni Kwa Mrombo wanasema keshakufa, unangoja ng'ombe wa msiba washuke bei."

"Sijafa!" Hedwiga akapaza sauti dirishani. "Na mtori msirudi nao!"

"Umesikia? Anatuita!" Elimringi akaingiza mguu getini. "Lazima nimwekee mikono." Kisha akapiga chafya iliyotikisa mabati.

Fanuel akajiona anashindwa vita. Ndipo akili ikamjia.

"Mzee, siku ya ndoa yetu si ulikuwepo? Mlisema tumekuwa nini?"

"Mwili mmoja."

"Basi mwili huu hapa." Akavua kofia, akaketi kwenye stuli uani. "Niwekeeni mimi. Yatamfikia."

Maneno yalikuwa ya kanisani, Elimringi akakunja mikono ya koti. Mikono ikamjaa Fanuel kichwani na mabegani. Kila "amina" ya mzee ilishuka na chafya yake. Nashipae akamlisha mtori kwa kijiko huku analia.

"Pole, mama. Kidonda vipi?"

"Kinavuta kidogo," Fanuel alijibu, ameshika kwapa.

Walipoondoka, Hedwiga akauliza kupitia dirisha, "Mtori uko wapi?"

"Wamenilazimisha nimalize."

"Mwili mmoja, siyo? Mbona tumbo langu halina habari?"

Jumapili Fanuel aliamka anatetemeka, pua bomba. Hedwiga akamrushia blanketi kupitia dirisha, akamfukuzia stoo. Jumatatu akaenda Moshi na dada yake, kitambaa mdomoni, huku Fanuel akibaki kati ya magunia ya mitumba, akimwomba Mungu isiwe amemwambukiza mkewe.

Jioni akasikia kicheko cha Hedwiga upande wa pili wa mlango wa stoo.

"Homa hakuna, chembe zimepanda, dripu nimepewa. Daktari kauliza mlinzi yuko wapi. Nikamwambia kajeruhiwa kazini."

Fanuel alitaka kulia, akaishia kupiga chafya. Kabla hajajibu, hodi zikasikika. Kwaya imesikia Baba Blessing anaumwa, imekuja na sufuria kubwa zaidi.

"Mgonjwa haonwi!" Hedwiga akapiga kelele kutoka barazani. "Ana mafua!"

"Hamna shida, Mama Blessing," Elimringi akamjibu kwa furaha, akilisukuma geti. "Si ninyi ni mwili mmoja? Kaa hapo kwenye stuli, tukuwekee wewe!"

Mlango wa stoo ukafunguka kwa kishindo. Fanuel akatoka mbio, blanketi shingoni, jasho usoni, akaliegemea geti kwa mgongo.

"Nimepona!" akasema, na kuinamisha kichwa. "Lakini niwekeeni tu."