Maji ya Mtu Mmoja

Tulikuwapo: Mado, mwenye nyumba; Adrienne, mdogo wake, mwalimu wa biolojia; Urbain, fundi wa baiskeli; Jeancy, mwalimu wa hesabu, aliyekuwa amerudi kutoka Lubumbashi asubuhi hiyo; na mimi, Barnabé, niliyeketi kwenye kiti cha plastiki na daftari gotini. Ilikuwa Alhamisi alasiri, kiangazi cha mwaka juzi, uani kwa Mado mtaani Panda. Mezani palikuwa na mifuko mitatu ya maji, ile inayotiwa ndani ya begi la mgongoni na mrija wake kupita begani hadi mdomoni, ili mwenye baiskeli anywe bila kusimama. Jeancy ndiye aliyeileta. Jumamosi tulikuwa tunakwenda Kambove kwa baiskeli, na Mado alikuwa ameshasema, bila kupandisha sauti, kwamba pasipopatikana mfuko wa kumridhisha, mdogo wake haendi.

Watatu kati yetu tulijua kwa nini. Urbain na Jeancy hawakujua.

Mfuko wa kwanza ulikuwa mwekundu, mkubwa kuliko yote, wa lita tatu, lakini mdomo wake ulikuwa mwembamba kama wa chupa. Mado alijaribu kuingiza mkono, ukakwama kwenye vifundo vya vidole.

“Hii nitaisugua na nini? Na ulimi?” aliuliza. “Kiisha wiki mbili, ndani itaota majani.”

Urbain aliuchukua hata hivyo, akaupuliza kwa mrija hadi ukatuna, akauzamisha katika beseni la kufulia na kuuzungusha polepole, kama anavyotafuta tundu katika mpira wa ndani wa gurudumu. Viputo vidogo vilipanda kutoka kwenye mshono, kimoja kimoja, kwa utulivu wa kitu kinachojua hakuna wa kukizuia. Akautupa kando. Miwili iliyobaki haikutoa hata kiputo kimoja.

Mmoja wa hiyo ulikuwa mweupe, unaopenyeza nuru, wenye mistari ya kupimia iliyochorwa ubavuni. Mwingine ulikuwa mweusi, umevikwa kitambaa kinene kinachozuia joto la jua, hata mrija wake umefunikwa. Yote miwili ilikuwa ya lita mbili, na yote ilifunguka mdomo mzima, mkono ukaingia hadi kiwiko. Nilipendelea ule mweupe. Adrienne alipendelea ule mweusi. Hatukuwa tumeambiana, lakini kila mmoja aliona mkono wa mwenzake ulipotua.

Lazima nieleze safari ya baiskeli ya mwaka uliotangulia, kwani ndiyo iliyotuweka pale mezani.

Niliipanga kama ninavyopanga kipindi cha darasani. Tulikuwa saba. Niliandika vituo vitatu, saa ya kufika na saa ya kuondoka, na chini yake nikapigia mstari sentensi hii: Tunakunywa vituoni, wote kwa pamoja. Nilijivunia sentensi hiyo. Sikuwaza kwamba kwetu mtu hatoi chupa mbele za wenzake akanywa peke yake; chupa ikishafunguliwa, ni ya kikundi. Katika kituo cha kwanza Adrienne alifungua chupa yake ya lita moja na nusu. Ilizunguka mikono sita, ikamrudia ikiwa na mafunda mawili. Alishukuru, akaifunga. Katika kituo cha pili hakuifungua kabisa, nami niliona, nikadhani hana kiu.

Barabara ilikuwa nyekundu, malori ya madini yakitupita na kutuachia vumbi lililoning'inia muda mrefu hewani kama shuka iliyoanikwa. Nilipogeuka kuhesabu watu, tulikuwa sita. Adrienne alikuwa ameketi kando ya barabara, ameshika magoti yake kwa mikono miwili, akitabasamu tabasamu la mtu anayeomba radhi. Hakuweza kusimama kwa maumivu.

Hospitalini muuguzi aliniuliza swali moja tu: “Huyu ni SS. Nani alimnyima maji?”

SS: herufi mbili ambazo kwetu zatosha kuutaja ugonjwa wa selimundu. Chembe za damu ya Adrienne hujipinda na kuziba mishipa mwili wake ukikosa maji. Tangu utotoni ameambiwa anywe kabla kiu haijafika. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, amefundisha nami miaka minne, na sikujua. Siku ya tatu, akiwa bado kitandani, alinishika mkono wa shati.

“Maître, uwaambie ni malaria,” alisema, akiniita mwalimu kama siku zote. “Watu wakijua SS, wanakuzika na ungali unatembea.”

Niliwaambia ni malaria.

Basi ndiyo maana niliutaka mfuko wenye mistari. Nilitaka kuona. Nilikuwa nimekwisha kuchora jedwali daftarini: saa, mahali, kiasi kilichonywewa. Mado alipoingia jikoni, na Urbain na Jeancy wakawa wanabishana juu ya breki, Adrienne alikuja nyuma ya kiti changu akalisoma jedwali lote kutoka juu hadi chini, kama anavyosoma kazi ya mwanafunzi.

“Kolona hii ya mwisho ni ya nini?” aliuliza, kidole juu ya safu ya pembeni.

“Sahihi yangu,” nilisema.

“Maître, weye unanichunga kama inspekta anachunga shule.”

“Nakuchunga kwa sababu mwaka jana sikukuchunga.”

“Najua,” alisema kwa upole. “Lakini ile nyeupe, kila mutu ataona mayi yangu imebakia ngapi. Watahesabu. Weye pia utahesabu. Hii nyeusi haina madirisha.”

Nimekwisha kulitafakari jambo hili mara nyingi tangu siku ile, darasani hasa, ninapomwona mtoto akificha daftari lake kwa kiwiko. Nilikuwa nimeiweka hofu yangu katika mistari na safu, nikaiita utunzaji.

Mado alirudi na birika la maji yaliyochemshwa na kupoa, akaujaza ule mweusi, akaufunga, akaukalia. Aliukalia kwa uzito wake wote, ambao si haba, na akahesabu hadi ishirini. Urbain alipiga makofi. Mfuko ulitoka mkavu. Adrienne akautia katika begi, akapanda baiskeli, akazunguka ua na kutoka njiani, akaenda hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Kila baada ya mizunguko michache ya miguu aliuleta mrija mdomoni, akauma ncha yake ya mpira, akanywa. Alinyoka mgongo. Sikuwa nimemwona akiendesha hivyo.

“Eh, Madame!” Urbain alipaza sauti, akimfananisha na rejeta ya lori. “Unakunywa sawa radiateur ya camion! Jumamosi minye nitakaa nyuma yako, utanipeko mrija.”

“Na minye nitakaa nyuma ya Urbain,” Jeancy alisema. “Nitakunywa jasho lake.”

Tulicheka. Adrienne pia alicheka, akasimamisha baiskeli mbele ya Urbain. Na hapo niliona mkono wake wa kulia ukipanda begani, ukaanza kuufungua mrija kutoka kwenye kibanio chake ili ampe. Haukuwa uamuzi. Ulikuwa mkono uliolelewa vizuri. Mado naye aliuona. Aliweka birika chini polepole, na uso wake ukajifunga kama mlango; nikajua kwamba neno lake lijalo litakuwa hapana, na kwamba Adrienne hatatoka Jumamosi ile wala Jumamosi nyingine.

“Kwa sababu za usafi,” nilianza haraka, “ni vizuri kila mmoja awe na—”

“Maître, acha.”

Adrienne alishuka kwenye baiskeli. Mkono ungali begani.

“Minye ni SS,” aliwaambia. “Tangu kuzaliwa. Mwaka jana haikukuwa malaria. Mayi ilinikosa.”

Jeancy aliacha kutabasamu. Urbain aliangalia mikono yake iliyokuwa bado na maji ya beseni.

“Ile chupa,” alisema, “minye njo nilikunywa mingi.”

“Ulikunywa kwa sababu nilikupa.” Akaurudisha mrija katika kibanio chake, akaubonyeza hadi ukalia. “Basi musikilize, wote. Yaya Mado, mukubwa wangu, weye pia. Nakamata hii nyeusi. Hakuna mutu ataandika nimekunywa ngapi.” Hakunitazama alipolisema hilo, na hakukuwa na haja. “Nitakunywa mbele yenu, hata kama munakuwa na kiu. Mukiniomba, nitakatala.” Mado aliokota birika na kuujaza tena mfuko mweusi, na lile neno hapana sikulisikia.