Simu Moja ya Lupango

Kompyuta ilisema Papa Clément ana kifua kikuu. Papa Clément, mpangaji mwenzetu ambaye husukuma baiskeli yenye magunia ya makaa kutoka Kasungami, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha ikasema hana. Kisha ikasema anacho.

“Iko mugonjwa na iko muzima,” Syntiche wa mapokezi ya kituo cha afya alisema bila kuinua macho. “Na weye vilevile, na mutoto wako. Mama, urudie kesho.”

Nilikuwa nimezirudia kesho nyingi. Binti yangu Daniella alikohoa mgongoni mwangu, na bila jibu lake hakuna aliyekubali kumpa dawa.

Kosa lilianzia kwetu, mtaa wa Hewa Bora. Mpangaji mmoja alipougua, lupango nzima, sisi sote tunaokaa ua mmoja, tulienda kupimwa makohozi. Kila aliyeulizwa namba ya simu alitoa ya jirani yetu Mama Germaine. Ndivyo tunavyoishi: simu ikilia kwake, mtoto hutumwa kumwita mwenyewe. Mashine haikuijua desturi hiyo. Iliunganisha watu na majibu kwa namba ya simu, na kwa kuwa namba ilikuwa moja, ikampa kila mtu majibu ya wote.

“Mama, uko nazuia bantu,” Syntiche alisema, akionyesha foleni nyuma yangu.

Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kujisogeza pembeni. Hata shule niliiacha mapema, kwa kuogopa kuulizwa mbele ya wenzangu.

“Miye siendi,” nilisema, nikiangalia sakafu.

Syntiche alisonya, akamwita Guelor, kijana wa kompyuta, naye akatazama, akajikuna kichwa.

“Ah. Tuko naunganisha na simu. Kila jibu iko na njia ingine, namba ya kichupa ya makohozi. Ile bameandika ku karte ya kila mugonjwa.”

Akafuta mstari mmoja wa SQL, maagizo ya ile mashine, akaandika mwingine. Kioo cha kompyuta kilichojaa majina yetu kikapungua. Kila mtu akabaki na jibu lake.

Papa Clément, mzima. Mama Germaine, mzima. Mimi, mzima. Nikakikaza kitenge kilichomshika Daniella mgongoni, maana nilielewa kabla Guelor hajalisoma jina la mwisho.

Nyumbani, Mama Germaine alikuwa mlangoni, simu mkononi.

“Ni ya nani sasa, ule ugonjwa?”

“Ya Daniella.”

Alinifungua kitenge, akampokea mtoto.

Dawa zilichukua miezi. Siku hizi, simu ya Mama Germaine ikilia, Daniella ndiye anayetumwa kutuita. Anakuja akikimbia.