Viazi Visivyo na Chumvi

Kila siku ya kazi, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, mwonjaji alisukutua kinywa mara tatu kwa maji ya uvuguvugu, akatema kwenye sinki lenye ufa, akaingia kibanda namba sita. Vibanda vyote sita vilitenganishwa kwa mbao, ili mtu asione uso wa mwenzake akaambukizwa maoni. Ndani palikuwa na uma, kitambaa cheupe, penseli na fomu. Kisahani kilipitishwa kwenye kitundu cha ukutani, kina vipande vitatu vya nyama na namba, basi. Alitafuna, akafumba macho, akajaza: ulaini, mafuta, harufu, ladha inayobaki. Mstari wa mwisho uliuliza nyama hiyo inafaa meza za nchi gani, maana kampuni ilinunua nyama huku ikaiuza kule, na haikutaka kumpelekea mtu kitu cha kutema.

Katika kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Alikwisha kula mamba, mbuni, kangaruu, ngamia na kichwa cha kondoo kilichobabuliwa manyoya. Alijua kwamba Mfaransa hana ugomvi na konokono, mradi kaogelea kwenye siagi na kitunguu saumu. Kwamba Mkazaki akila farasi anataka pande lenye mafuta, na ukimkatia lililokonda atakuona bahili. Kwamba simbilisi, ambaye kwingine watoto humfuga wakamchezea, kwa Mperu ni chakula cha kumheshimu mgeni. Wenzake walimwita Ulimi, na jina likamkaa vizuri. Tuseme ukweli, alilipenda.

Ulimi wenyewe aliutunza kama yai. Siku ya kwanza kazini alisomewa kanuni kwamba mwonjaji asiguse chumvi, pilipili wala kiungo chochote kabla ya kuonja. Yeye mtu wa kushika neno aliishika hata nyumbani. Kwa miaka ishirini na sita alikula viazi vya kuchemsha visivyo na chumvi, peke yake, sebuleni. Mkewe na binti yao walikula jikoni, mlango umefungwa na kitambaa kimesukumwa chini yake ili mvuke usimfikie. Kila Jumapili mkewe alipika mchuzi wa kuku. Mwonjaji aliujua kwa harufu iliyopenya hata hivyo, na kwa vicheko vya wale wawili, lakini hakuwahi kuutia mdomoni.

"Nikistaafu," alimwambia mkewe, "siku ya kwanza tu, nitaukomba mpaka sufuria iombe msamaha."

"Haya, mume wangu," mkewe alijibu. "Kuku hawataisha duniani."

Mkewe alifariki ikiwa imebaki miaka miwili. Binti alikuwa ameshaolewa, anaishi upande wa pili wa mji, na alipiga simu kila mwisho wa mwezi. Mwanzoni alimwalika baba yake kula. Baba alijibu "bado kidogo", mwezi huu na mwezi ule, mpaka binti akaacha kualika.

Wageni walianza kuja wiki moja baada ya mazishi. Siku hiyo alikuwa ameonja farasi. Saa kumi na mbili jioni, akiwa anamenya viazi, mlango ukagongwa, na pale nje walisimama Wakazaki saba wa nyumba moja, bibi kizee mbele. Ndio waliokusudiwa kuila nyama ile. Aliwakaribisha, wakavua viatu, wakaizunguka meza, kila mmoja na sahani yake aliyokuja nayo, wakala. Saa moja na nusu wakaaga. Waliendelea kuja kwa siku tatu, mpaka ladha ya farasi ilipomtoka kinywani.

Ikawa hivyo kwa kila nyama. Ladha nyingine zilidumu muda mrefu, kwa hiyo baadhi ya jioni mataifa yalikutana mezani na kuchunguliana sahani.

"Hiki nacho mnakila?" bibi wa Kikazaki alimuuliza baba mmoja wa Kifaransa. "Kitu kimebeba nyumba yake mgongoni?"

"Sisi tunakula nyumba," Mfaransa alisema, akijipangusa siagi kidevuni. "Ninyi mnakula usafiri."

Walicheka wote, hata Waperu. Jirani wa ghorofa ya chini hakucheka. Alimsimamisha mwonjaji kwenye ngazi akamwambia kwamba wageni ni baraka, lakini yeye amejikwaa kwenye buti mara mbili. Tangu hapo viatu vilipangwa ukutani.

Mwonjaji alifurahi kuwa na watu, ila furaha ile ilimwacha mpweke kuliko ukimya. Hakuna aliyekuja peke yake. Walimegeana, wakanyang'anyana mifupa, wakakaripia watoto, naye akala viazi vyake kwenye kona ya meza. Jioni moja bibi wa Kikazaki alichukua kiazi, akakiuma, akakirudisha.

"Hiki huliwa na nani?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

Mwonjaji aliinuka kwenda kuchota maji.

Ikiwa imebaki wiki moja astaafu, kisahani namba 4417 kilipita kwenye kitundu. Asubuhi hiyo alikuwa ameanza na farasi, na alikuwa bado hajaweka uma chini. Harufu ilifika kabla ya sahani. Ulikuwa mchuzi wa kuku wa mkewe. Aliutazama muda mrefu, akafunika magoti kwa kitambaa, akaonja. Ulikuwa na nyanya iliyokaribia kuungua, tangawizi nyingi, na chumvi imezidi kidogo. Kwa miaka yote alikuwa ameudhania mtamu zaidi, na sasa akaona hautaki kuzidishwa kitu. Alilia kidogo, kimyakimya, kwa sababu ya mbao. Alijaza ulaini, mafuta na harufu. Kwenye ladha inayobaki aliandika: inabaki. Kwenye mstari wa nchi aliandika: sijui.

Mchana alimkuta Bi Ndimu, mwonjaji wa kibanda cha tano, ukumbini, akifungua samaki wa kukaanga aliyepakwa pilipili.

"Mbona macho mekundu?" Bi Ndimu aliuliza.

"Nimeonja mchuzi wa marehemu mke wangu."

"Ule wa 4417? Nimeupa tisa. Chumvi tu ndiyo imeuangusha."

Mwonjaji alikuwa akimtazama samaki. "Na wewe unakula pilipili?"

"Kwani tunaonja tena leo? Kanuni ni masaa mawili kabla ya kuonja. Si ipo nyuma ya fomu."

Aligeuza fomu. Kweli ilikuwepo, kwa herufi ndogo. Alikuwa amejaza maelfu ya fomu hizo, na hakuwahi kugeuza hata moja.

"Ulidhani ni ya maisha?" Bi Ndimu aliuliza kwa upole. "Sisi tulijua una vidonda vya tumbo. Tukaona haya kukuuliza."

Jioni alinunua pakiti ya chumvi. Alioga, akavaa shati la harusi ya binti, akapanga sahani tatu. Bibi wa Kikazaki alipoona hivyo aliwaambia watu wake wasogee, nao wakabanana upande mmoja.

Mkewe hakugonga, alikuwa na ufunguo wake. Aliingia na aproni ya buluu, amemshika mkono binti mwenye umri wa miaka saba, pengo mbele. Binti yuleyule, saa hiyohiyo, alikuwa upande wa pili wa mji akiwaogesha wanawe.

"Karibuni jamani, jisikieni nyumbani," mkewe aliwaambia wageni. Akapita moja kwa moja jikoni na mtoto, akafunga mlango, akasukuma kitambaa chini yake. Punde vicheko vikaanza.

Mwonjaji aligonga. "Mke wangu, kumbe ni masaa mawili tu. Nilikosea. Nifungulie nile nanyi."

Ndani vijiko viliendelea kugonga sahani.

"Bado kidogo, baba," mtoto alisema.

Mlango ukafunguka upana wa sahani. Mkono wa mkewe ukampitishia viazi vitatu vya moto.

"Vyako hivyo, havina chumvi," mkewe alisema. "Tusije tukakuharibia ulimi."

Alivipokea akashukuru. Wageni walimpisha, akaketi kwenye kona yake.

Wiki iliyofuata alistaafu. Farasi na konokono walimtoka kinywani na watu wao wakaacha kuja. Mchuzi haukutoka. Kila jioni mke na mtoto huingia, hufunga mlango, hula, na sahani ya viazi hupitishwa.

Mwisho wa mwezi binti alipiga simu.

"Nasikia vicheko. Una wageni, baba?"

"Ni wewe na mama yako. Mnakula."

"Mlango umefungwa?"

"Umefungwa."

"Haya," binti alisema. "Basi kula viazi vyako, visije vikapoa."