Unaziba Mzinga

“Sogea kidogo kushoto, dada. Unaziba mzinga.”

Nilisogea. Jua la Mei lilikuwa limekaa juu ya ukuta wa ngome kama mwenye nyumba, bahari ikipiga mawe chini yetu kwa uvivu, na mwanamume aliyeletwa kutoka Pune kuja kunitazama alikuwa amefumba jicho moja nyuma ya kamera yake, akinitoa kwenye picha. Nilikuwa nimevaa sari ya harusi ya mama yangu, ya kijani, yenye nyuzi za dhahabu zilizonikwaruza bega. Kichwani nilikuwa na asmini za kuwatosha maiti wawili. Mzinga ulikuwa na kutu, na mgongoni mwake kinyesi cha kunguru. Ukachaguliwa mzinga.

Si mzinga ulionishtua lakini. Ni lile neno, dada. Kwetu mwanamume anaweza kukuita dada akikuuliza njia, akinunua bilingani kwako, akikukanyaga sokoni. Aliyekuja kukuposa hakuiti dada hata nyumba ikiungua na wewe umo ndani. Neno hilo ni komeo; likishapigwa, mlango ule haufunguki tena kwa mambo ya ndoa. Naye alilitoa mdomoni kwa wepesi, kama mtu anayetema kokwa.

Walikuwa wamefika asubuhi, watatu, kwa motokaa nyeupe. Wa kwanza kushuka alikuwa Bhausaheb Jagdale, baba wa kijana, mwanamume mwenye tumbo lililotangulia kusalimia. Nyuma yake mkewe, Akkasaheb, ambaye aliitazama nyumba yetu kuanzia vigae hadi kizingiti kama mtu aliyeuziwa samaki aliyelala. Mwisho kijana mwenyewe, Ranjit. Sitasema uongo, na mimi uongo ndiyo chakula changu: alikuwa mzuri. Meno meupe, masikio yaliyolala mahali pake. Nilimchungulia kupitia pazia la jikoni nikaona maisha yangu yote yakishuka kutoka kwenye gari lile yakiwa yamepigwa pasi.

Baba yangu aliwapokea akirudi kinyumenyume, mikono kifuani, asije akawapa mgongo. Alikuwa mtu wa miembe michache na maneno machache. Usiku uliopita alikuwa ameniambia, bila kunitazama: “Shevanti, hawa ndio wa mwisho. Wakikataa, nitamjibu yule wa Rajapur.” Yule wa Rajapur alikuwa mgane muuza ugoro, ameshazika wake wawili, na alipiga chafya kabla ya kila sentensi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Kijijini kwetu, Kelavde, umri huo ulikuwa unahesabiwa kama ugonjwa.

Kabla ya akina Jagdale walishakuja wengi, na nilizijua taratibu. Unaleta sinia la pepeta iliyokaangwa na vitunguu, macho chini. Unaambiwa tembea hadi kisimani urudi, waone kama unachechemea. Unaambiwa fungua nywele, waone kama ni zako. Mama mmoja wa Chiplun alinipa sindano na uzi niutunge mbele yake, kisha akala pepeta sahani tatu, akaenda zake, na baada ya wiki ikaja barua: nyota hazikulingana. Barua zote zilisema hivyo. Ukizisikiliza hizo barua, mbingu nzima haikuwa na kazi ila kunipinga mimi.

Hawa wa Pune hawakuuliza chochote. Si nyota, si kimo, si kama najua kushona. Waliuliza kama ngome iko mbali. Kama kuna kivuli njiani. Kama kaa wana nyama msimu huu. Jikoni mama alinishika mashavu kwa mikono inayonuka manjano. “Waungwana hawa, mwanangu! Watu waliosoma! Hawajakutembeza hata hatua moja!”

Wakala. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasemavyo. Kwetu mgeni alikuja, mwenyeji akakonda. Mama alikaanga samaki wengi hata nadhani kina cha bahari kilishuka siku ile. Bhausaheb alivunja kaa kwa meno huku akimfundisha baba kwamba kuabudu mawe ni ujinga, kwamba Pune watu wa sayansi wameshayaacha mambo hayo. Baba akaitikia kila neno. Akkasaheb alinyonya mfupa, akauweka pembeni, akasema:

“Mchuzi wenu si mbaya. Ila wa Harnai ulikuwa na nazi zaidi. Pale kwa yule msichana wa kidoti shavuni. Anaitwa nani vile, baba Ranjit?”

“Nani anakumbuka majina!” alisema Bhausaheb. “Mimi nakumbuka ngome. Ile ya Harnai iko ndani ya maji, safi kabisa. Ya Malvan kubwa zaidi, lakini tulichomwa na jua.”

“Malvan walitupa korosho,” alisema Akkasaheb, akitazama huku na huku kama korosho zetu zimejificha.

Nilikuwa nyuma ya pazia na bakuli mkononi. Niliyasikia yote, na sikujumlisha. Mtu mwenye tumaini huwa ni mzito wa hesabu.

Hesabu niliifanya juu ya ukuta, mbele ya ule mzinga, baada ya lile neno.

“Malvan mlifikia kwa nani?” nilimuuliza Ranjit. Alikuwa anasogeza lensi yake.

“Kwa watu fulani. Nao wana binti.”

“Na Harnai?”

“Hivyo hivyo.” Akashusha kamera. Sijui aliona nini usoni kwangu, maana alianza kunieleza kwa upole, kama mtu anavyomweleza mtoto kwa nini mbuzi amechinjwa. “Baba anapenda ngome, unajua. Na nyumba za wageni huku pwani kunguni tupu. Nyumba yenye binti hupika vizuri, hutandika mashuka mapya. Hakuna anayeumia.”

“Na wewe unapenda nini?”

“Mimi? Mimi nina mchumba Kolhapur. Tarehe imeshapangwa.” Akacheka, wala si kwa ubaya, ningemheshimu zaidi kama ingekuwa kwa ubaya. “Usimwambie mzee leo, tafadhali, dada. Mwache ale chakula cha usiku na sisi kwa furaha. Tutaandika barua kama kawaida.”

Nilitazama chini. Akkasaheb alikuwa ametaka kulowesha miguu baharini, na sasa alikuwa anapanda kutoka ufukweni akiwa amekunja sari yake, akilalamika kwamba mchanga wetu ni mweusi. Nyuma yake alikuja baba. Kwa mkono mmoja alishika mwavuli juu ya kichwa cha yule mama. Kwa mkono wa pili alibeba viatu vya mama huyo. Baba yangu, ambaye hata vya kwake huvivua kwa kusukuma na vidole vya miguu ili asiviguse.

Nilishuka ngazi za ngome mbio, sari na asmini zote.

Nje ya lango alikuwapo, na bado yupo, mungu wetu wa kike, jiwe jeusi lililopakwa rangi nyekundu, na mtunza hekalu wake siku zile alikuwa Mzee Bhiku, nusu kipofu, mwenye sauti ya kupasua nazi. Hakuna mgeni anayeondoka ngomeni bila kuombewa hapo. Na kukiwa na jambo zito, anabandika maua mawili mabichi kwenye kifua cha jiwe, kulia na kushoto, na Mama, ndivyo tunavyomwita, anaulizwa. Likianguka la kulia, ni ndiyo. Likianguka la kushoto, ni hapana. Mashamba yamegawanywa hivyo, ndugu wamepatanishwa hivyo, na hakuna aliyewahi kukata rufaa.

Nilimnong’oneza nilichotaka. Akatema tambuu.

“Unaelewa unachoomba, mjukuu wangu? Likianguka la kulia, umeolewa.”

“La kulia liko upande wa bahari,” nilisema. “Upepo wa alasiri huliangusha siku zote. Mimi najua, na wewe unajua.”

“Ndiyo maana nakuuliza.”

“Bandika, babu.”

Watu walikuwepo tayari. Kijiji kizima kilikuwa kimetufuata tangu mchana kumtazama bwana harusi, wakijifanya wanatafuta kuni. Bhausaheb alifika anahema, akaegemea ukuta wa hekalu, akavua kiatu na kukung’uta mchanga karibu kabisa na miguu ya Mama. Mzee Bhiku alimsikia. Akainua mikono.

“Ewe Mama, mlinzi wa lango!”

“Naam, Maharaja!” kijiji kikaitika, kama kinavyoitika kila dua.

“Wageni hawa wametoka Pune, wamepanda milima, wameshuka milima, kuja kumtazama Shevanti wetu!”

“Naam, Maharaja!”

“Wameketi kwetu! Wamekula chumvi yetu!”

“Na kaa wetu!” mwanamke mmoja alipiga kelele nyuma.

“Naam, Maharaja!”

“Basi kama kijana huyu ni wake, angusha la kulia, Mama, naye aondoke nao leo hii kwa gari lile pale! Na atakayekipokea ulichokitoa akakitupa njiani, macho yake, mashamba yake, tumbo lake na uzao wake—”

“Naam, Maharaja!”

Ilikuwa sauti ya watu waliozoea kupiga kelele kushinda mawimbi. Baba alikuwa amefumba macho, mikono miwili imeshikana, viatu vya Akkasaheb vimebanwa katikati. Alikuwa akiomba kwa dhati. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu zaidi.

Upepo ukaja. Ua la kulia likatikisika. Nilimtazama mtu wa sayansi. Kiatu kilikuwa mkononi, mguu mmoja juu kama korongo. Akalitazama ua. Akamtazama mwanawe. Ua likatikisika tena, likainama.

“Simamisha!” alipiga yowe Bhausaheb. “Simamisha, mzee! Kijana ana mchumba! Wa Kolhapur! Tarehe imepangwa! Mama asije akatuchanganya!”

Hata kunguru walinyamaza. Na kama hawakunyamaza, mimi nasema walinyamaza.

“Mdomo wako huo!” Akkasaheb alimpiga mumewe kofi mkononi. “Mdomo wako!”

Baba alifumbua macho. Aliinama akaviweka vile viatu chini, kimoja kando ya kingine, pua zikielekea barabarani. Akafunga mwavuli. Kisha akaenda kwenye motokaa, akafungua buti, akatoa fenesi. Lilikuwa fenesi kubwa kuliko yote mwaka ule, amelitunza tangu likiwa kama kidole, ameliweka humo kwa mikono yake asubuhi pamoja na sanduku la maembe. Maembe aliyaacha. Walishayabonyeza.

“Bwana,” alisema Bhausaheb, akihangaika kuingiza mguu katika kiatu, “tusikosane kwa jambo dogo. Sisi ni watu wa heshima.”

“Barabara ya Pune ni hiyo,” alisema baba, fenesi begani. “Ngome zimekwisha.”

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, utomvu wa fenesi ukimchirizikia shati jipya. Tulifika kwenye kona ya mnazi uliopigwa na radi.

“Yule wa Rajapur,” alisema.

“Ndiyo, baba.”

“Anapiga chafya sana.”

Basi. Hakulitaja tena jina la mgane yule, na mvua zilipokwisha nilikwenda Ratnagiri kujifunza kazi ya kuunganisha simu, nikaifanya hadi nilipopewa saa ya ukutani na shada la maua niondoke. Siku niliyokwenda Ratnagiri, Mzee Bhiku alinisindikiza hadi kwenye basi. Nilimuuliza ilikuwaje, na upepo ule wote, ua la kulia lisianguke. Alitema tambuu yake.

“Ningekuacha uolewe na kile kinyago kwa sababu ya upepo?” alisema. “Yote mawili nilibandika kwa maji mazito ya wali, kama gundi.”

Sasa nimerudi Kelavde, nimezeeka, sina kazi, na nawatembeza watalii ngomeni. Wanakuja na simu juu ya fimbo, wanaupa mzinga mgongo na bahari mgongo, na wanatabasamu kwa kitu kidogo kilichoko mwisho wa mkono wao wenyewe. Nawadanganya kwa raha. Nimewaambia ngome hii ilijengwa kwa siku moja na majini waliolipwa dagaa. Wameandika.

Ndani ya lango kuna vidaka vitano ukutani, vya taa za zamani. Hapo nawasimamisha, nawaambia habari za binti za mfalme waliofungiwa humo na maharamia waliokuja kula tu. Majina nawapa ya kweli. Miaka yote niliyokaa na nyaya za simu za pwani mkononi sikukaa bure. Kila mji una mwunganisha simu, na kila mwunganisha simu ana masikio; ndivyo nilivyozipata nyumba zote walikokula akina Jagdale. Sulabha wa Harnai, mwenye kidoti. Hirabai wa Malvan, walikoliwa korosho. Champa wa Revdanda. Mandakini wa Vijaydurg, aliyekwisha kuchaguliwa bangili. Watalii wanavipiga picha vidaka hivyo, kimoja kimoja, na majina yanakwenda nao mijini.

Juzi msichana mmoja hakufuata wenzake. Alibaki ameshika simu yake, akitazama ukuta.

“Bibi, hiki cha tano umekiruka. Humu alikuwa nani?”

“Huyo aliambiwa asogee kushoto,” nilimjibu. “Akasogea.”