Jiwe Lisilotaka Maji

"Bila maji, fundi," Jenipha alisema, akaifunga koki yeye mwenyewe. "Hata tone moja. Hili likilowa limeharibika."

Mayunga alilitazama jiwe juu ya foili. Jeusi tii, ukubwa wa kiazi, limeungua kwa nje. Lilianguka kutoka angani huko Busawe, katikati ya mtama wa watu, na wenyewe walikubali kutoa kipande tu. Jiwe lirudi nyumbani jioni hiyo hiyo. Ndiyo maana Jenipha, mwalimu wa chuo kikuu, alilileta hapa Turwa, kwenye karakana ya kukata mawe ya makaburi na sampuli za watafuta dhahabu.

Tangu masika Mayunga alikuwa hakati bila maji. Daktari alimwonyesha picha ya kifua, akamwambia vumbi limeganda humo na halitoki. Mkewe, Eufrasia, alimwapisha palepale hospitali, naye aliapa kwa dhati. Lakini sasa tajiri wake, Opondo, alikuwa amesimama mlangoni.

"Omera, ndugu yangu, kama kifua hakiwezi, sema tu. Nathan yupo, bado kijana, atakata."

Sema tu! Mtu ametoka Shinyanga na nguvu zake, amezimalizia mashimoni na kwenye mashine hii, leo asimame mbele ya watu atangaze kwamba amekwisha. Mayunga alikuwa amechoka hata kukasirika.

"Nitakata," alisema.

"Na feni tuzime, tafadhali," Jenipha alisema kwa upole. "Vumbi lake nalo tunalipima. Tufunge na mlango."

Opondo akatoka. Mayunga alivaa barakoa yake ya kitambaa, akawasha mashine. Jiwe lilikuwa laini kuliko alivyotegemea, likatoa harufu ya lami. Vumbi jeusi lilipanda taratibu, likakaa hewani, halina pa kwenda. Alibana pumzi mpaka masikio yakavuma. Akashindwa, akavuta. Kikohozi kilimpanda, akakimeza, maana mkono ukitikisika uso wa jiwe unaharibika.

Kipande kilipokatika, Jenipha alikiinamia na lenzi.

"Njoo uone, fundi."

Ndani ya ule weusi kulikuwa na chembe za mviringo, nyeupe na za kijivu, kama ulezi uliomwagika kwenye majivu. Katika mawe yote aliyoyapasua, Mayunga hakuwahi kuona kitu kama hicho. Alifurahi, akajishangaa kwamba bado anaweza kufurahi.

"Ni kimondo cha kaboni," Jenipha alisema. "Kikongwe kuliko dunia yenyewe. Vingi mvua huviharibu kabla hatujavifikia. Kwa chembe hizi nitajua ni cha kundi gani."

Alifagia vumbi lote kwa brashi, akaliweka kwenye mzani mdogo pamoja na vipande. Akakunja uso. Akapima tena. Alichungulia chini ya mashine, akapapasa aproni ya Mayunga, akapitisha brashi kwenye dirisha lililofungwa.

"Limepungua kuliko nilivyolipima kabla ya kukata," alisema. "Mlango tulifunga. Feni tulizima. Sasa vumbi jingine limekwenda wapi, fundi?"

Mayunga aliivua barakoa. Ilikuwa nyeusi kwa ndani. Akaikunja upesi, akaitia mfukoni. Alifungua mdomo amjibu, kikohozi kikamtangulia, kikamshika mpaka akaegemea mashine.

Jenipha alibaki ameinama dirishani na brashi yake mkononi, akimsikiliza.